Kivuli cha Bwana Harusi

Kompyuta ya marehemu Abdulhamid ilirudishwa nyumbani Ilala juu ya guta, imeviringishwa mashuka mawili na kufungwa kamba ya katani, kama mgonjwa anayesafirishwa. Idrisa, mdogo wake marehemu, aliibeba mwenyewe kutoka barazani, akapita nayo koridoni kwa ubavu, akaibwaga juu ya meza ndogo chumbani kwa Najma, mjane wa Abdulhamid.

"Haya, shemeji. Ulisema unaitaka. Ndiyo hiyo."

"Ahsante, shemeji."

"Sijui utaiwashia wapi. Mimi mwenyewe nikiiona hivi kichwa kinaniuma."

Alicheka kidogo, akaondoka. Najma alifungua mafundo ya kamba moja moja, kwa sababu kamba nzuri haikatwi, akakunja mashuka, akafuta vumbi la Kariakoo lililoganda pembezoni mwa kioo. Hapo ndipo alipojiona. Alijiona uso wote, na ushungi mweupe, na macho yaliyovimba. Tangu aingie eda hakuwa amejitazama, maana kioo cha kabati kilikuwa kimefunikwa shuka tangu siku ya msiba.

Bi Zulekha, mama mkwe wake, aliingia akauona uso ule ule ndani ya kompyuta. Alitoka, akarudi na kanga kuukuu, akaitandaza juu ya kompyuta na kuvuta ncha zake vizuri pande zote mbili.

"Ikiwa haijawashwa, ifunikwe," alisema. "Kioo ni kioo."

Ilikuwa hivi. Baada ya arobaini, wanaume wa ukoo walikaa sebuleni kuzungumzia fremu ya Kariakoo, kile kichumba cha duka ambamo Abdulhamid alikuwa akitengeneza kadi, mabango ya harusi na fulana za misiba. Idrisa aliitaka auzie makava na chaji za simu. Najma, akiwa nyuma ya pazia kama eda inavyotaka, alisema kazi ya mumewe ataifanya yeye. Mtu akakohoa kikohozi cha kuzuia kicheko. Mwishowe wakakubaliana kwamba Idrisa atakaa dukani kupokea kazi, na Najma atazitengeneza nyumbani. Miezi minne na siku kumi zikiisha, ikiwa wateja bado wapo, fremu ni yake Najma. Ikiwa wamekimbia, ni ya Idrisa, na Najma asimnung'unikie mtu.

Kitu kimoja hawakukijua wanaume wale. Najma alikuwa hodari wa kukunja kadi, kukata bahasha na kubandika riboni, lakini kompyuta aliijua kwa kuifuta vumbi tu.

*

Aliyemfundisha ni Josepha, mpangaji wa chumba cha uani, binti wa Kindendeule aliyefanya kazi kwenye stesheneri moja karibu na soko la Mchikichini. Alikuja jioni akitoka kazini, viatu mkononi, miguu ina vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kanawe miguu kwanza," Bi Zulekha alimjibu. "Huyu mwenye eda hatafagia mara mbili."

Josepha akanawa, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akawasha kompyuta. Najma alitazama vile vialama vidogo vidogo pembeni, mkasi, brashi, ndoo ya rangi, akahisi kama mtu aliyeingizwa jiko la mwenzie akaambiwa apike.

"Mama Sitara, tulia. Kitu ni leya tu. Ukizijua leya umemaliza." Josepha, aliyezoea kumwita Najma kwa jina la bintiye aliyekuwa shule ya bweni, alitupa macho chumbani, yakatua kwenye meza ya chakula iliyosogezwa ukutani. "Ona ile meza yako. Chini kuna nini?"

"Mbao."

"Juu ya mbao?"

"Kitambaa nilichodarizi."

"Na juu ya kitambaa?"

"Nailoni. Ili mchuzi usiingie kwenye kitambaa."

"Umeshajua leya, dada yangu! Sasa chukulia una nailoni nyingi, moja juu ya nyingine. Hii umechora ua, hii umeandika jina, hii umebandika mtu. Ukizitazama kwa juu unaona picha moja. Ukikosea jina, unaivua nailoni ya jina peke yake, ua halina habari."

Najma alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, akajiziba mdomo upesi na kutazama mlangoni.

"Na haya macho?" aliuliza. Mbele ya kila leya palikuwa na kijicho kimoja.

"Hayo ndiyo ya kufungua na kufunga. Ukifunga jicho, leya inajificha, lakini haijafutika, ipo. Ukifungua, inarudi. Ila angalia, mashine ya kuchapia inachapa kile kinachoonekana tu. Uliyemficha, na yeye haendi."

Wiki ile yote Najma alikaa na nailoni zake. Alipofundishwa kuweka madoido, kivuli, mng'ao na kuvimbisha herufi, aliyaweka yote kwa pamoja. Neno HONGERA likatoka limevimba, linang'aa, lina kivuli mbele na nyuma.

"Mama Sitara," Josepha alisema, akikaza midomo, "hizi ni herufi au kachori?"

"Si umesema zinapendeza?"

"Moja moja! Hapa umeweka pilipili, tangawizi, mdalasini na sukari kwenye chungu kimoja."

Wakacheka mpaka Bi Zulekha akagonga ukuta.

Kidogo kidogo mkono ukanyooka. Najma alijifunza kumkata mtu kutoka kwenye picha yake kwa kufuata ukingo wa bega na sikio, taratibu kama anayechambua mchele. Alijifunza kuwa mtu ukimhamisha bila kivuli huonekana ameruka hewani. Josepha alimwonyesha kukitengeneza kivuli kwenye leya yake ya peke yake, kilale chini, kififie kadiri kinavyokwenda mbali na miguu. Hilo Najma alilipenda kuliko yote. Alikuwa akiona usahihi wake kwenye ua wa nyumba, pale dirisha lilipomruhusu kuona, jua likimlaza jirani ardhini.

*

Tatizo lilianza na picha ya kitambulisho. Bi Zulekha aliingia kutafuta dawa yake ya kikohozi, akakuta kioo kizima kimejaa uso wa mwanaume mwenye ndevu.

"Huyu ni nani?"

"Mteja, mama. Anataka nyuma pawe bluu."

"Na wewe una eda ya mwanangu, umekaa kutwa kucha unatazamana na mwanaume asiyekuhusu? Unampapasa mashavu?"

"Mama, ni picha. Nampunguzia mng'ao wa jasho."

"Hata barabarani ukikutana naye unainamisha macho. Humu chumbani ndiyo umkodolee?"

Mwanamke huyu alikuwa amemzika mwanawe juzijuzi. Najma alishika mausi, akabonyeza kijicho. Mwanaume mwenye ndevu akatoweka, pakabaki bluu tupu.

"Haya, ameondoka," alisema.

Bi Zulekha aliitazama ile bluu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua dawa yake.

Tangu siku ile ikawa ndiyo desturi ya chumba. Malapa ya Bi Zulekha yalikuwa na mlio wake, lile la kushoto lilikuwa limelegea kamba, likipiga sakafu kabla ya mguu. Pa, shwaa. Pa, shwaa. Najma akilisikia koridoni, kidole kinabonyeza, mwanaume anajificha. Malapa yakienda zake, mwanaume anarudi. Walizoea hivyo, na mbele ya Josepha Bi Zulekha alianza hata kusifia. "Anajitahidi. Na heshima anayo."

Lakini chumba kilimbana. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani na kipande cha ua. Kariakoo aliisikia tu kwa mdomo wa Idrisa, aliyeleta kazi kwenye flashi na kuitupa kitandani. "Huyu anataka leo. Yule kaghairi. Watu wanauliza yuko wapi fundi, nawaambia fundi yuko eda, wanacheka." Najma alitamani kusimama mlangoni pa fremu ile dakika moja tu, amwambie mteja mwenyewe, karibu, ni mimi.

*

Kazi kubwa ililetwa na Benedikta, muuza mitumba wa Mchikichini, ambaye Abdulhamid alimtengenezea kadi za ubatizo wa watoto wake wote. Safari hii anamwoza binti yake wa kwanza, Ritha. Alitaka bango la kutundikwa nyuma ya maharusi, ukuta mzima wa ukumbi. Bwana harusi, Bryson, alikuwa kazini Songea na angefika siku ya mwisho, kwa hiyo picha zilikuwa mbili mbalimbali, Ritha amepigwa studio Buguruni, Bryson amepigwa mbele ya gari la mtu huko Songea.

"Wakae pamoja kama waliopigwa siku moja," Benedikta alimwambia kwa simu. "Amshike mkono. Ukiniwezea hilo, mama, soko zima nakuletea. Tuna harusi na vipaimara mpaka Desemba."

Soko zima! Najma alijua maana yake. Hata Idrisa alijua.

Alilifanya bango lile kwa moyo wote. Alimkata Bryson kutoka kwenye gari, akamsimamisha kulia kwa Ritha. Mkono wa Ritha ulikuwa umepindwa kiunoni, akaupitishia mkono wa Bryson mpaka ukaonekana umekumbatwa. Nyuma akaweka pazia la rangi ya zabibu. Majina akayapa kivuli chembamba tu, bila kachori. Mwisho akamlaza Bryson kivuli chake, kikapita juu ya pindo la gauni la Ritha kwa upole. Josepha alipokiona aliinama karibu na kioo.

"Hii, Mama Sitara, hata mimi siwezi," alisema.

Ijumaa asubuhi Najma alikuwa akipima ukubwa wa majina kwa mara ya mwisho. Pa, shwaa. Akabonyeza kijicho, Bryson akaenda. Bi Zulekha aliingia na kikombe cha tangawizi, lakini badala ya kutoka akaketi kitandani. Magoti yalikuwa yakimuuma. Akavuta tasbihi. Najma akaendelea na majina huku bwana harusi hayupo, akasogeza herufi hii, akapunguza ile. Tasbihi ikazunguka, ikaanza tena.

Nje pikipiki ikapiga honi.

"Shemeji! Flashi! Mashine ina foleni, nikichelewa tunachapiwa Jumatatu!"

"Nakuja, shemeji!"

"Unakuja wapi na wewe hutoki? Itoe dirishani!"

Najma akatoa nakala ya kuchapia, akaihamishia kwenye flashi, akaipitisha kati ya nondo za dirisha. Mkono wa Idrisa ukaipokea, pikipiki ikaunguruma. Bi Zulekha bado alikuwa ameketi. Kioo kilikuwa na bibi harusi na pazia la zabibu, na Najma alikuwa amezoea kumwona hivyo asubuhi yote. Akaizima kompyuta, akaifunika kanga.

*

Jumamosi kabla ya adhuhuri Benedikta aliingia uani bila hodi, bango limeviringishwa begani kama mkeka. Idrisa alimfuata nyuma, mikono mfukoni.

"Yuko wapi huyo fundi?"

Wapangaji walitoka na masufuria yao mikononi. Benedikta akashika ncha, akamwashiria Idrisa ashike nyingine, wakalikunjua bango mbele ya dirisha la Najma, kutoka bombani mpaka kwenye kamba za nguo.

Ritha alikuwa amependeza. Alikuwa akicheka, shingo imeinama kulia kidogo, na mkono wake umeshika hewa. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Kilichokuwapo ni kivuli, kirefu, chenye mabega ya mwanaume, kimelala juu ya pindo la gauni.

Uani watu walisogea karibu. Kisha mpangaji mmoja akasema polepole, "Yesu wangu, kafa?"

"Umesikia?" Benedikta alipaza sauti. "Ndivyo walivyosema ukumbini, hivyo hivyo! Mama yake Bryson kaliona likitundikwa, kakaa chini palepale. Wewe mama, nimekukosea nini? Ujane wako wewe unampaka mwanangu? Unamvisha eda hajaolewa bado?"

Najma alishika nondo za dirisha.

"Yupo," alisema. "Mama Ritha, wallahi yupo. Sikumfuta. Nilimficha."

"Ulimficha! Bwana harusi anafichwa?"

Idrisa alikohoa. "Shemeji, mimi nilisema toka mwanzo."

Najma aliondoka dirishani, akavuta kanga, akawasha kompyuta. Ilichukua muda wake kuamka, kama kawaida, na watu wote uani walisubiri wakiisikia ikivuma. Bango likafunguka. Akabonyeza kijicho mara moja. Bryson akasimama mahali pake, amemshika mkewe mkono, amevaa suti ya kijivu, anacheka. Kosa zima lilikuwa kijicho kimoja.

Benedikta alibana uso kwenye nondo za dirisha, akamwona. Pumzi ikamtoka.

"Sasa nifanye nini? Harusi ni saa kumi."

"Naitoa upya sasa hivi. Naenda nayo mwenyewe mashineni." Najma alikuwa ameshasimama, anatafuta baibui.

"Unakwenda wapi?" Bi Zulekha alikuwa mlangoni. "Na eda?"

"Mama, ni Kariakoo hapo tu. Ni dharura."

"Abdulhamid hajapoa kaburini." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioukaza mlango kuliko kufuli.

Najma akakaa. Akatoa nakala, akaikagua mara hii kwa kugusa kila jicho kwa kidole, akaichomoa flashi. Idrisa akanyoosha mkono.

"Wewe sikupi tena," Benedikta alimwambia, akaipokonya yeye. "Nitasimama kwenye mashine mwenyewe mpaka nimwone mkwe wangu akitoka na meno yake. Na bango la pili nani analipia?"

Vitu vya dhahabu vya mwenye eda vilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti. Najma alitoa bangili moja, akaipitisha dirishani palepale ilipopita flashi. Benedikta aliitazama kiganjani. Alionekana kutaka kuirudisha. Akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka mbio.

*

Bango la pili lilitundikwa, harusi ikapita salama, lakini Mchikichini ilikwishajua. Picha ya bibi harusi na kivuli ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikamrudia Najma kwenye simu yake mwenyewe, na maneno ya kuchekesha chini yake.

Jioni ya Jumapili Josepha alikuja, hakukaa.

"Nimeongea na Allan wa kwenye mashine. Anasema alishtuka. Akampigia Idrisa kabla hajachapa, kaka, hapa pana kivuli bila mtu, ndiyo mtindo? Idrisa akamwambia, chapa hivyo hivyo."

Najma alikuwa akikunja nguo. Aliikunja ile iliyokuwa mkononi, akaikunjua, akaikunja tena.

Kikao kiliitwa haraka. Idrisa alilitandika bango la kivuli sebuleni kama ushahidi, wazee wakakaa pembezoni wasilikanyage. Najma alikuwa nyuma ya pazia.

"Alipigiwa simu," alisema. "Shemeji alipigiwa akaulizwa. Akasema chapeni."

"Nilijua mimi mambo ya leya?" Idrisa alijibu. "Fundi ni nani? Nilidhani ndiyo ufundi wenyewe."

"Na kwa nini ulimficha bwana harusi?" mzee mmoja aliuliza.

Upande ule ule wa pazia, kwenye mkeka, Bi Zulekha alikuwa ameketi na tasbihi yake. Najma alimtazama. Alingoja. Neno moja tu la mama aliyewazaa marehemu na Idrisa lingetosha. Shanga zilipita kidoleni, moja, nyingine, nyingine. Bi Zulekha aliinamisha uso, akazitazama shanga zake.

"Nilisahau," Najma alisema.

Mzee akaguna. Fremu ikapewa Idrisa. Mwenye jengo la fremu ile, Mzee Leodegar, alipopelekewa habari, alisema yeye anachotaka ni mtu wa kumfungulia mlango asubuhi na kumlipa kodi. Kabla ya kuondoka Idrisa alipita chumbani kwa Najma, akaigusa meza ya kompyuta kwa ncha ya kiatu.

"Na hii?"

"Hiyo iache," Bi Zulekha alisema. Ndilo neno pekee alilosema siku ile.

"Naiacha tu, mama. Hata kwa vyuma chakavu hawaichukui."

*

Bango la kivuli lilikuwa turubai zuri, lisilopitisha maji, wapangaji wakalifunikia mkaa. Kila Najma alipotazama dirishani alimwona Ritha akicheka juu ya magunia. Siku za eda zilikuwa bado hazijaisha, na zitakapoisha hapakuwa na mlango wa kwenda kuufungua.

Josepha alianza kumletea vijikazi vya stesheneri yao, vile ambavyo vijana wa dukani waliviona ni usumbufu. Siku moja alileta picha ya mtu aitwaye Samson, amesimama mbele ya choo cha baa, anataka aonekane yuko bustanini.

Najma alikuwa amemaliza bega la kushoto aliposikia koridoni. Pa, shwaa. Mkono wake ukaenda wenyewe.

"Usimfiche."

Bi Zulekha alikuwa ameshika fremu ya mlango. Najma aligeuka, kidole bado kiko kwenye mausi.

"Nimesema mwache. Wala mimi simtazami." Aliingia, akaketi kitandani pale pale pa siku ile, akampa Samson mgongo, akatazama ukuta. Tasbihi ilikuwa mkononi lakini haikuzunguka. "Nilikuona ukimficha yule bwana harusi wa watu. Nikakaa makusudi, nione kama utamrudisha nikiwepo. Hukumrudisha. Nikafurahi moyoni, nikasema mke wa mwanangu ananitii."

Najma aliondoa kidole kwenye mausi. Kulikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa yamechelewa kikao. Nje mtu alikuwa akichota mkaa, na bango likakwaruza magunia.

Akamgeukia Samson. Akamkata bega la kulia, sikio, kofia, akamvua ukuta wa choo, akamweka katikati ya maua. Kisha akafungua leya mpya, akaanza kumlaza kivuli chake chini, kuanzia miguuni, taratibu, huku mama mkwe wake akipumua nyuma yake na dirisha likizidi kuwa jeusi.

"Kikali mno," alisema peke yake, akakififisha kidogo.

"Nini?" Bi Zulekha aliuliza, bila kugeuka.

"Kivuli, mama. Jua halijafika ukali huo."